Sukari ya Mzee Basili

Jumapili, 2 Machi

Mungu aliumba ubongo wa mkaguzi mkuu wa serikali, akawa anautafutia kichwa cha kuuweka. Akapita Dodoma, vichwa vimejaa. Akapita Arusha, vichwa vimevaa kofia. Mwisho akafika hapa kijijini kwetu, nusu saa kwa baiskeli kutoka Dongobesh, akauacha kwangu mimi Tadei wa marehemu Isidori. Simlaumu. Hata mimi ningejichagua.

Kidato cha pili nilikiacha, au kiliniacha, tusibishane. Ila kwenye ule mtihani wa mwisho masomo yote nilipata F, hesabu peke yake D, na mwalimu alisahihisha mara mbili akidhani kalamu yake imeteleza.

Sasa ubongo umepata kazi. Mama amerudi kutoka kikoba, kikundi chao cha kuweka akiba, na habari kwamba nyumba inayovuja haijui inapovujia mpaka iandike kila shilingi. Na yetu inavuja. Mdogo wangu Rogathe amefaulu kidato cha nne, daraja la pili, na mwezi wa saba anatarajia kuripoti kidato cha tano. Ada siku hizi hakuna, lakini godoro, tranka, sare, shuka, ndoo, michango na nauli ni laki tatu na themanini. Kwenye kopo tuna elfu arobaini na moja.

Mama alitaka Rogathe ndiye aandike, kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Nikamwambia, "Mama, mgonjwa hapewi funguo za duka la dawa. Anayehitaji hela hawezi kuzilinda."

"Na wewe unayekula chipsi kila ukishuka Dongobesh?" Rogathe akauliza.

"Hizo ni gharama za uongozi."

Wakacheka wote wawili. Nikachukua daftari. Mbele naandika matumizi ya nyumba, nyuma naandika haya, ambayo hayasomwi na mtu.

3 Machi

Siku ya kwanza tu na wezi nimewakamata. Mama anamaliza njiti tatu kwa moto mmoja. Sabuni inalala kwenye beseni inayeyuka kama haina mwenyewe. Rogathe, vocha ya mia tano: ameongea na rafiki yake dakika kumi na mbili, habari yenyewe ni ya mtu aliyekata nywele.

Upande wa mapato: lita tatu za maziwa ya Tausi, ng'ombe wetu, nimezipeleka kwa Farida mwenye hoteli pale stendi. Elfu tatu. Hii ndiyo kazi yangu ya kila asubuhi. Bila mimi na Tausi nyumba hii ingekunywa ukungu.

5 Machi, Jumatano ya Majivu

Kwaresima imeanza. Mimi na Kanisa tumeelewana kabisa: watu wale kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa nimesoma matumizi ya wiki kwa sauti, nimesimama, daftari mkononi kama msomaji wa somo la kwanza. Jirani yetu mama Marieta alikuwa amekuja kuomba chumvi, akakaa mpaka mwisho. Chumvi nayo niliiandika mbele yake.

Nilipofika kwenye unga nikasimama. "Mama, kila siku unasonga ugali wa watu wanne. Humu tuko watatu. Wa nne ni nani?"

"Ni wa anayekuja."

"Nani anakuja?"

"Ningemjua si ningemwita kwa jina?"

Mama Marieta alicheka mpaka akanishika bega asianguke. Mimi nikaandika: mgeni asiyejulikana, unga robo kilo kwa siku. Nikampiga mstari. Kuanzia kesho haji.

Sukari nayo nimeihamishia chini ya kitanda changu, pamoja na kijiko cha kupimia.

14 Machi

Leo nimetoa wazo ambalo wangelitoa watu wa benki wangelipwa. Ng'ombe tunao watatu: Tausi, ndama wake anayenyonya, na yule mtamba mwekundu, binti yake mkubwa. Tumuuze mtamba. Laki tano haikosi. Rogathe anaenda shule na chenji inabaki. Mtamba mwenyewe hatoi kitu, anakula tu kama bwana harusi.

Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Haondoki ng'ombe hapa mpaka mzee Basili apande kuja huku mwezi wa saba."

"Mzee Basili anahusika nini na ng'ombe wetu?"

"Wewe jambo likikuingia kichwani linatokea mdomoni. Nenda kakate majani."

15 Machi

Mnada Dongobesh. Na leo nimelikuta tobo kubwa kuliko yote.

Huyu mzee Basili ni mfugaji wa kule bondeni, Yaeda Chini, rafiki wa marehemu baba. Kila mwezi, kwenye mnada huu wa katikati ya mwezi, Mama anamtumia sukari kilo mbili, tumbaku na majani ya chai. Vinanunuliwa dukani kwa mzee Abdillah, vinaachwa hapo hapo, na Evarist, mjukuu wa mzee Basili, akipanda na mbuzi wa kuuza anavichukua. Mama alikuwa akienda mwenyewe, lakini tangu mwezi wa kwanza goti linamsumbua, ananituma mimi. Jumla elfu tisa. Kwa mwaka, laki moja na elfu nane! Nilipopata jibu nilikaa chini.

Nikamwambia Mama hii tunaikata.

"Hiyo usiiguse."

"Kwa nini?"

"Ni salamu za baba yako."

"Salamu ni bure, mama. Nitampigia Evarist simu, shilingi thelathini tu, nimsalimie mpaka achoke. Halafu baba alishafariki."

Akaacha kufagia. "Ndiyo maana nazipeleka mimi," akasema. Akafungua kanga, akatoa elfu tisa, akanipa, na maongezi yakaishia hapo.

Nimeshuka nazo. Dukani nimezungumza maneno mawili matatu na mzee Abdillah, tukamalizana. Akaniangalia juu ya miwani. "Kijana, rudi ukamuulize mama yako vizuri." Wafanyabiashara ndivyo walivyo, kilo mbili zikiwapita wanaumwa. Nikarudi na elfu tisa yote, nikaitumbukiza kwenye kopo la Rogathe. Kwenye daftari nimeandika: akiba ya sabuni na kiberiti.

Nimefika nyumbani. "Umefikisha?" Nimefikisha. "Wamesemaje?" Wanakusalimu.

Huu si uongo. Au ni uongo, lakini wa kiuchumi.

22 Machi

Mvua. Chumvi mia tano. Tope bure.

Jumapili, 30 Machi

Nimesoma jumla ya mwezi: kopo lina elfu themanini na mbili. Mama alinitazama kama nimeshuka na Musa mlimani. "Marehemu angefurahi," akasema. Rogathe akapiga makofi, halafu akaomba daftari aone. Nikamwambia mkaguzi hakaguliwi.

12 Aprili

Mvua siku ya tano mfululizo. Ikizidi hivi Mama hutoka nje kila saa na kutazama upande wa mlima Hanang, ingawa hauonekani kwa mawingu. Shangazi yetu Fransiska yuko Jorodom. Nyumba yake ilienda na tope mwaka ule mlima ulipoporomoka, yeye akabaki na kanga aliyokuwa amejifunga. Leo Mama amemtumia elfu tano bila kuniuliza. Nimeandika, sikubishana. Kuna matumizi ambayo hata mkaguzi anayavulia kofia.

15 Aprili

Mnada. Elfu tisa nyingine imeokolewa. Umefikisha? Nimefikisha. Wamesemaje? Wanakusalimu. Naanza kuwa mzoefu, hata sauti haitetemeki.

20 Aprili, Pasaka

Nyama nusu kilo, elfu tano na mia tano. Nilitaka robo, nikashindwa kwa kura.

Tulipokuwa tunaanza kula akabisha hodi mtu, mzee wa makamo, ametota, amepoteza mbuzi wawili tangu asubuhi. Kwenye sufuria hakukuwa na kitu, kwa sababu mgeni asiyejulikana nilishampiga mstari. Mama akamsukumia sahani yake, akasema yeye ameshakula kanisani. Kanisani hatuli. Yule mzee akala, akashukuru, akaenda.

Nimejaribu kuandika hii upande wa mbele. Matumizi: sifuri. Nimeikalia muda mrefu hiyo sifuri.

8 Mei

Nimemkuta Rogathe nyuma ya nyumba anashona kiatu chake kwa uzi wa gunia. Nikamwuliza kwa nini hapeleki kwa fundi, ni elfu moja tu. Akasema, "Si utaisoma Jumapili mbele ya mama Marieta?" Vocha aliacha siku nyingi, sikuwa nimegundua. Mama Marieta mwenyewe haji tena kuomba chumvi. Ni akiba pia, lakini Jumapili zimekuwa na kimya.

15 Mei

Mnada. Kama kawaida. Umefikisha? Nimefikisha. Leo Mama hakuuliza wamesemaje. Alisema tu, "Asante mwanangu, goti hili lingeniua."

23 Mei

Simu ya nyumba nakaa nayo mimi. Mchana imelia, Evarist wa Yaeda.

"Babu anauliza, nyumbani kwema?"

"Kwema kabisa."

"Hakuna mgonjwa?"

"Mgonjwa atoke wapi, sisi ni chuma."

"Na Tausi?"

"Tausi anakamuliwa, ndama anaruka, mtamba ananenepa. Mwambie babu aje aone."

"Haya," akasema. "Atakuja."

Watu wa kule wanauliza ng'ombe kwa jina na binadamu kwa jumla. Nilicheka peke yangu. Sikumwambia Mama kama wamepiga.

3 Juni

Majina yametoka! Rogathe amepangiwa shule ya wasichana upande wa Hanang. Kuripoti tarehe saba Julai. Mama alipiga kigelegele mpaka Tausi akaacha kula. Nimenunua soda tatu kwa hela ya uongozi, yaani ya chipsi zangu, na nimeiandika hivyo hivyo.

Kopo lina laki moja na elfu themanini na tano. Bado nusu. Nikamwambia Mama tutakwama. Akasema, "Hatukwami. Ngoja mzee Basili aje." Anamsubiri yule mzee kama anakuja na gunia la noti mgongoni.

14 Juni

Baridi ya kukata masikio. Mnada. Mzee Abdillah leo hakuniangalia juu ya miwani wala chini ya miwani. Nilimwamkia mara mbili ndipo akaitikia. Umefikisha? Nimefikisha.

28 Juni

Leo ni ndefu.

Mzee Basili amekuja saa nne asubuhi, ukungu haujaondoka, kwa miguu kutoka stendi, na fimbo, na blanketi begani, Evarist nyuma yake na kamba tatu mkononi. Kamba niliziona, sikuzihesabu. Mimi ninayehesabu njiti.

"Shikamoo baba," Mama alitoka mbio na unga mikononi.

"Marahaba, Gaudensia."

Nikamwamkia, Rogathe akamwamkia. Mama akawaingiza ndani, akaweka chai ya maziwa jikoni, akaniita, "Tadei, leta sukari." Nikaingia chini ya kitanda. Kulikuwa na vijiko viwili vimebaki, maana nilikuwa nimepanga inunuliwe tarehe moja. Nikavigawa. Mzee akaonja, akashikilia kikombe kifuani kidogo, akakiweka chini. Hakukigusa tena.

Walizungumza habari za mvua, za maharage, za goti, za marehemu baba, mpaka miguu yangu ikaingia ganzi. Kisha mzee akasema, taratibu kabisa, "Nimesikia umechoka, Gaudensia."

"Nimechoka na nini, baba?"

"Si vibaya. Mjane na watoto, mtu hapaswi kumbebesha mzigo. Nilingoja mwezi, nikangoja wa pili, nikasema nipige simu kwanza, labda kuna ugonjwa. Nikaambiwa hakuna. Kwa hiyo nimekuja kuuondoa mzigo wangu."

"Mzigo gani?"

"Tausi na watoto wake."

Hapo ndipo nilipojua. Nina miaka kumi na tisa, nimekunywa maziwa ya Tausi na ya mama yake Tausi, na leo ndiyo nimejua kwamba si wetu. Ni wa mzee Basili. Aliwaweka kwetu baba alipooa hana kitu: maziwa yetu, samadi yetu, ng'ombe wake. Ng'ombe wa namna hiyo hawatangazwi, kwa sababu mwenye mali hataki kijiji kijue mali yake imelala wapi. Na Mama angemwambiaje mtu anayesoma chumvi ya jirani kwa sauti kila Jumapili?

Mama alisimama. "Baba, mimi sijakosa hata mwezi mmoja. Kila mnada natuma. Mpelekaji ni huyu hapa."

Wote wakanigeukia. Rogathe, Evarist, mzee mwenyewe.

"Tadei?" Mama akasema.

Nikazitazama kamba mkononi mwa Evarist. "Nilifikisha," nikasema.

"Kwa nani?" Evarist akaruka. "Tangu mwezi wa pili sijaona hata jani la chai!"

"Dukani."

Mzee akainua mkono. Hakumtazama Mama tena. Alitazama mlango, kama mtu aliyemkuta mwenzake hajavaa vizuri. "Yaishe," akasema. "Watu wakifika kubishana habari ya sukari, urafiki ulishaondoka zamani, ni sisi tuliochelewa kuusindikiza. Isidori alikuwa ndugu yangu. Sitaki nyumba yake iape mbele yangu."

"Na mtamba?" Mama akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia. "Mlikubaliana na marehemu. Uzao wa tatu, baada ya Tausi na mama yake, ni wa nyumba hii."

"Tulikubaliana watu wawili tuliokuwa tunatafutana kila mwezi."

Ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa anamsubiri. Mzee angekuja, angesema mbele ya mashahidi kwamba mtamba ni wetu, angeuzwa, Rogathe angeenda shule na kila kitu.

Wamewafunga. Tausi hakubisha, anamjua mwenyewe kuliko mimi. Ndama alilia mpaka walipopita kwa mama Marieta. Mama alibaki amesimama, unga umemkaukia vidoleni.

Walipopotea akanigeukia. "Nitazame. Ulifikisha?"

Nikamtazama. "Nilifikisha, mama."

"Basi ni Abdillah," akasema. "Abdillah ametudhulumu, na akasema maneno ya uongo juu yangu. Mwanangu hawezi."

29 Juni

Nimeamka saa kumi na mbili, nimechukua kidumu cha maziwa, nimefika zizini ndipo nikakumbuka.

5 Julai

Mama amemwita mfanyabiashara, amemuuzia mahindi yakiwa bado shambani, nusu ya shamba, laki moja na ishirini. Tungevuna kwanza, tungeyauza mara mbili yake. Nilisimama pembeni na kalamu. Yule bwana aliniuliza, "Wewe ndiye mwenye hesabu za nyumba?" Nikasema hapana.

Farida amenitumia salamu, anauliza maziwa yako wapi. Sijajibu.

8 Julai

Rogathe hajaondoka, yule mfanyabiashara bado hajatoa hela ya mahindi. Leo nimemkuta na daftari, upande wa mbele. Ameweka kidole kwenye tarehe kumi na tano Machi, akakihamishia kumi na tano Aprili, kumi na tano Mei, kumi na nne Juni.

"Sabuni gani hii," akasema, "inayookoa elfu tisa kila siku ya mnada?"

Nilitafuta utani.

"Tranka langu ni elfu thelathini na tano," akasema. "Nne mara tisa ni thelathini na sita. Tadei, tranka langu ni sukari ya mzee Basili. Nitalifungua mbele ya wenzangu kila asubuhi nikiwa najua hivyo."

Nikamwambia nilifanya kwa ajili yake. Ni kweli, ndiyo sehemu mbaya yenyewe.

"Sijakuomba," akasema. "Mwambie Mama. Mimi sitamwambia, nataka utoke kwako."

Siku zote nimemwita mtu wa vocha na maringo. Ana akili kunizidi, na amelijua hilo tangu darasa la tatu, hajawahi kulisema.

12 Julai

Rogathe ameondoka. Godoro jembamba, ndoo ya kuazima, sare moja badala ya mbili. Viatu vile vile vya uzi wa gunia. Mama amemsindikiza mpaka stendi akichechemea. Kwa Abdillah walipita upande wa pili wa barabara, na Mama, ambaye huamkia hata walevi, hakugeuza shingo.

Nilibaki nyuma kufunga mzigo. Mzee Abdillah akaniita kutoka mlangoni. "Kijana. Nimeuza kwenye duka hili miaka ishirini na saba, mama yako leo ananiona mwizi, na amewaambia wenzake wa kikoba. Yale maneno uliyonipa niliyafikisha kama yalivyo, kwa sababu ulisema ni ya mama yako. Si desturi yangu kuingia ndani ya nyumba ya watu. Lakini nitanyamaza mpaka lini?"

Nikasema, "Shikamoo mzee." Nilishamwamkia.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya misa Mama alikaa kwenye kigoda akanisubiri nisome. Nikasema wiki hii hakuna cha kusoma. Akasema, "Soma tu, mwanangu, nimezoea sauti yako." Nikasoma: chumvi mia tano, mafuta ya taa elfu moja, mahindi ya kusaga. Chai tunakunywa ya rangi. Jioni atakwenda kumwomba katekista amwandikie barua mzee Basili, aape kwamba alituma. Anataka niipeleke mimi Yaeda Chini, kwa sababu mimi ndiye shahidi wake.

Nimeandika kurasa nyingi nyuma ya daftari hili na kila kitu kimo: elfu tisa mara nne, ng'ombe, mahindi. Mtu akisoma atasema, ni kijana alibana hela, akakosea. Ningependa iwe hivyo. Hela zingerudishika. Ningeuza baiskeli, ningenunua kilo nane za sukari, ningeshuka nazo bondeni, mzee angenitukana na tungemaliza.

Tarehe kumi na tano Machi pale dukani nilipaswa kuondoka kimya. Mzee angedhani tumesahau, angetuma mtu kuuliza, Mama angejua mwezi ule ule. Lakini Abdillah aliniuliza, "Na mzigo wa Yaeda?" na palikuwa na watu, siku ya mnada, wapatao kumi, na mimi watu wakinitazama sijui kufunga mdomo. Nikasema kwa sauti, nikiegemea kaunta: "Mama amesema huyo mzee akanunue sukari yake mwenyewe. Tumechoka kumlisha."

Walicheka. Nilijisikia mkubwa. Hayo ndiyo maneno mawili matatu niliyoandika kwamba tulizungumza, na ndiyo yaliyofika Yaeda, na mzee Basili akaja akayakunja yakawa "nimesikia umechoka" ili asimwaibishe mama yangu mbele ya watoto wake.

Mama hakusema hivyo. Hajawahi kusema hivyo juu ya mtu yeyote. Nilisema mimi, nikaweka jina lake.